Jina Lililobaki Jabalini

Ukisimama mlangoni pa jiko langu, jabali unaliona. Liko upande wa mashariki, juu ya msitu, limekaa kama paji la uso la mtu aliyelala chali. Mvua ikinyesha linageuka jeusi, na maji yanashuka katikati yake kwa mstari mmoja mweupe. Mvua ikikatika, mstari unakaa kidogo, kisha unakwisha. Nimeishi na jabali hilo tangu nilipoolewa hapa, upande huu wa Shinyalu, na nikisema ukweli silitazami. Liko tu. Asubuhi nafungua mlango, naliona, nachukua ndoo.

Huko ndiko mwanangu wa mwisho alikofia.

Nasema hivyo mapema ili mtu asikae akingoja. Alianguka. Wazee walisema alijitupa, na waliposema hivyo jina lake likafungwa. Ninachotaka kuandika ni habari ya hilo jina. Mwenyewe nilishamzika zamani.

Kwetu mtoto anajichagulia jina. Anazaliwa, anakaa siku chache, halafu anaanza kulia kilio ambacho si cha njaa wala cha tumbo. Unampeleka kwa daktari, daktari anasema mtoto mzima. Hapo wanawake wa nyumba wanaelewa: huyu analilia jina. Wanakusanyika. Mama anampa titi, na mmoja wetu anaita majina ya waliokufa wa ukoo, moja moja, bila haraka. Mtoto akinyamaza akanyonya, lile lililoitwa ndilo lake. Akiendelea kulia, amelikataa, mnakwenda kwa lingine. Hakuna anayekasirika. Hata watu wazuri wanakataliwa.

Mwitaji ni mimi. Shule niliiacha darasa la tatu, lakini majina hayanitoki. Ninayo ya watu wa mume wangu yote, na ya waliowazaa, mpaka ya watoto waliokaa duniani wiki moja tu. Mama mkwe wangu alinipa tukiwa tunachambua mboga, jani moja jina moja. Kwenye mazishi watu wananivuta kando: "Mama, yule aliyekuwa na jicho moja, aliyekaa kule mtoni, aliitwanga nani?" Nawaambia. Lakini hapa sitaandika hata moja. Majina yetu ni ya mdomo. Tena nikiyaandika ya wengine nikaliacha lile, nitakuwa nimefanya kama wazee. Nikiliandika lile peke yake, litakaa peke yake tena.

Mwanangu alikuwa amemaliza shule na hakupata kazi, kama wengi. Baba yake alikuwa na fahali wa kupigana, na kijana ndiye aliyemtunza. Alimkatia majani, akamwogesha, akamwimbia. Siku za kupiganisha fahali alitembea mbele yake na ngoma za isukuti zikilia nyuma, ungedhani anayekwenda kupigana ni yeye. Juma lile waligombana na baba yake. Baba alitaka kumuuza fahali. Mtoto alisema maneno, baba akasema ya kwake, majirani wakasikia. Ugomvi wa nyumba yenye wanaume wawili na fahali mmoja.

Siku hiyo asubuhi aliingia jikoni akala obusuma, ugali uliolala, na mboga ya mrenda, amesimama.

"Kaa chini," nikamwambia. "Chakula hakikimbii."

"Mama, anayekimbia ni mimi."

Alikuwa na kamba ya fahali begani. Nikamuuliza anampelekea nani.

"Nateremka nayo jabalini. Mukombero wa huku chini wameshamaliza. Ule wa kwenye nyufa ni mnene kama mkono wangu."

Mukombero ni mzizi wa kutafuna. Unauma ulimi kwanza, kisha unakuwa mtamu, na unaleta hamu ya chakula. Wanaume wanasema unaleta na hamu nyingine. Ukiupeleka sokoni Shinyalu hurudi nao. Alitaka shati la kuvaa siku ya fahali.

"Utaanguka," nikasema.

"Kamba iliyozuia yule mnyama, itashindwa na mimi?"

Akacheka, na mimi nikaona amesema kweli. Hapa kwetu kila mtu angeona hivyo. Kamba ya fahali ndicho kitu kigumu kuliko vyote nyumbani. Kumbe kamba ya katani inayolala zizini inaoza kwa ndani. Mkojo na matope vinaila katikati, nje inabaki imekaza. Na fahali aliyefungwa nayo tangu akiwa ndama haivuti. Haikuwa inamzuia. Alikuwa anaiheshimu tu.

Walimkuta jioni wanawake waliokwenda kuni, chini ya jabali, karibu na mto. Juu, kipande cha kamba kilibaki kimefungwa kwenye mti. Wazee wakakaa. Wakaweka ugomvi hapa, kamba pale, na jabali pale, wakaona vinashikana vizuri. Alikwenda kujinyonga, wakasema, kamba ikakatika, akajitupa. Mume wangu alikuwa amekaa kwenye kigoda akitazama viatu vyake.

Ndani ya shati la mtoto kulikuwa na mukombero, udongo wake bado mbichi. Nilimwonyesha dada mkubwa wa mume wangu. Mimi namwita mulamwa, na yeye ananiita mulamwa, ndivyo mawifi wanavyoitana kwetu, na neno lake kwenye ukoo lilikuwa zito kuliko la wanaume wengi. Aliugeuza ule mzizi mkononi.

"Mulamwa," akaniambia, "mtu anaweza kuchimba kitu na bado akafa vile."

Akaniwekea mzizi kwenye kiganja, akakifunga. Hapo ikaisha.

Aliyekufa kwa mkono wake hazikwi kama wengine. Isukuti hazipigwi. Kaburi linachimbwa karibu na mpaka wa shamba. Mti aliotumia unakatwa na kuchomwa. Mama yake anaambiwa anyamaze, maana kilio kinafundisha wengine njia. Na jina lake haliitwi tena juu ya mtoto yeyote, asije akarudi nalo. Vijana walipanda na shoka wakaukata ule mti wa juu. Mzee mmoja aliyekwenda nao aliporudi alisema, "Mti tumeukata. Na jiwe je, tutalikata na nini?" Watu wakacheka kidogo, kisha wakakumbuka walipo.

Niliambiwa ninyamaze, nikanyamaza. Wengine wameniuliza kama iliniuma. Sijui niwaambie nini. Ni kama mguu uliokufa ganzi kwa kuukalia. Unajua ni wako, unaugusa, na unaona umegusa kitu cha mtu mwingine. Nilingoja zile sindano za damu kurudi. Nilipanda maharagwe, nikapalilia, nikavuna. Mume wangu alimuuza fahali. Baadaye yeye mwenyewe akafa, isukuti zikapigwa mpaka kuku wakahama, na mtoto wa kwanza aliyezaliwa baada yake alilichukua jina lake kabla hata sijamaliza kulitamka. La mwanangu likabaki. Kila nikiita majina, nikifika mahali pake naruka, kama unavyoruka kidimbwi njiani bila kukata mazungumzo.

Mwaka huu, mvua ndefu zilipoanza kupungua, akina mama wa kanisa walipanga kwenda kuomba juu ya jabali. Siku hizi watu wanakwenda huko sana. Wanatoka mjini, wanatoka mbali, kuna kibao, kuna kijana wa kuongoza wageni. Mke wa mjukuu wangu ndiye aliyenishika mkono. Ni msichana wa Lurambi, wanakaa mjini, Amalemba, na mumewe, na wakati huo mimba yake ilikuwa bado ndogo. Mumewe ni mtoto wa mwanangu wa kwanza.

"Kukhu, twende," akaniambia. Kukhu ni nyanya. "Unaliona kila siku na hujawahi kwenda?"

"Nani kakuambia sijawahi?"

"Basi lini?"

"Nilipokuwa na magoti."

Hakujua kitu. Walioolewa hapa hawaambiwi. Nilikwenda kwa sababu kubaki nyumbani kungehitaji maelezo. Mulamwa naye alikuja na fimbo yake. Magoti yake ni mabaya kuliko yangu, lakini kanisa likisema safari, yeye ameshavaa kitambaa.

Pikipiki zilituacha pale majani chai yanapoishia. Serikali ilipanda chai kuuzunguka msitu kama ua, ili watu wasiendelee kuula, na ukitoka kwenye chai ukaingia kwenye miti unaona jua limezimwa. Ndani kuna ubaridi na harufu ya majani yaliyolowa. Mbega walikuwa juu wakiruka na yale manyoya yao meupe, na mama mmoja mnene nyuma yangu akasema wanafanana na wanakwaya wetu, wamependeza na hawafanyi kazi. Wengine wakamwambia apunguze kelele, atawaamsha popo.

Popo wako kweli. Kabla ya kupanda jabali kuna pango, na watu wanaingia humo kufunga na kuomba. Tulikuta mishumaa iliyoyeyuka juu ya mawe na leso ya mtu imesahauliwa. Popo walining'inia darini kama mboga zilizoanikwa. Kiongozi wetu akaomba humo, lakini aliomba kwa kifupi, maana harufu ilikuwa kali. Kutoka hapo unausikia mto. Unaanguka kwenye mawe kwa ngazi ngazi, si maporomoko makubwa, lakini baada ya mvua yanatosha kufanya watu wasisikizane. Mke wa mjukuu wangu akapiga picha. Akanipiga na mimi. Nilipoitazama nikaona bibi amesimama mbele ya maji, mdomo umefungwa.

Njia ya kupanda sikuikumbuka. Wameichonga vizuri, wameweka na kamba ya kushika, ya nailoni, ya bluu. Niliishika. Ilikuwa imekaza.

Juu ni peupe. Jiwe limelala wazi, la kijivu, lina madimbwi madogo ya mvua ambamo mawingu yanapita. Upande mmoja unauona msitu wote umejaa mabonde kama blanketi lisilotandikwa. Mashariki milima ya Nandi, ya rangi ya moshi. Upande mwingine mabati ya Shinyalu yanameta, na mahindi, na njia zote za miguu. Nilitafuta nyumba yangu nikaiona. Moshi haukuwepo, maana mpishi alikuwa huku juu. Kumbe kutoka hapa jiko langu linaonekana vizuri tu.

Na jiwe lote limeandikwa majina. Watu wanakuja na rangi, wengine na msumari. Majina ya wapenzi, ya shule, ya watu wa mbali ambao hata makabila yao siyajui. Tulitembea juu ya majina. Akina mama wakawa wanayasoma kwa sauti na kucheka.

Kijana wa kuongoza wageni alikuwa na buti na kofia, na mdomo mzuri. Akina mama walikuwa wameshamchezea njia nzima. Walimuuliza ana wake wangapi, akasema hana, wakamwambia atafune mukombero aache kuongoza wazee. Alicheka nao. Alipotufikisha ukingoni akainua mkono tunyamaze, akashusha sauti kama mhubiri.

"Akina mama, hapa mnaposimama pana historia. Hapa zamani kijana mmoja alijitupa kwa sababu ya mapenzi."

Upepo ulikuwa unapandisha leso zetu.

"Alimpenda msichana wa upande wa pili wa mto. Baba ya msichana akakataa. Kijana akaja na kamba, mpaka mti ule pale." Akanyoosha kidole. "Kamba ikakataa kumuua. Kwa hiyo akasema, basi, jiwe halitakataa."

Akalitaja jina. Akampa mwanangu jina ambalo si lake, wala si la ukoo wetu, jina la kupendeza tu, kama la kwenye redio. Akina mama wakasema "Yesu!" Mmoja akajifuta macho. Mimi nilikuwa nauangalia mti. Waliukata, lakini mizizi imeingia ndani ya jiwe, hawakuweza kuitoa. Kisiki kimechipua. Machipukizi yamekuwa miti, yamepita urefu wa nyumba, na wageni wameyafunga vitambaa vya rangi. Nilijiuliza kama nahisi kitu. Nilihisi miguu inachoka.

Mulamwa ndiye aliyezungumza. Aligonga jiwe na fimbo.

"Wewe kijana. Hiyo uliipata wapi?"

"Mum, hadithi hii tuliikuta."

"Mliikuta wapi? Chini ya jiwe?"

Watu wakacheka. Kijana naye akacheka, hakuwa na ubaya.

"Ndivyo wanasemanga, mum. Wageni wanaipenda sana. Kuna wengine wanakuja kwa sababu ya hii tu."

"Hakukuwa na msichana."

"Kama hakukuwa na msichana, atajitupa kwa nini?"

Mulamwa akaigeuza fimbo mkononi. Nilimwona. Ni yeye aliyesema mtu anaweza kuchimba kitu na bado akafa vile.

"Na hilo jina," akasema, "nani alikupa?"

"Si ndilo lake?"

"Silo."

"Sawa, mum. Nisaidie. Aliitwa nani?"

Aliuliza vizuri, amevua kofia. Mulamwa akanitazama. Akina mama wengine wakamtazama yeye, kisha mimi, na wale wazee kidogo miongoni mwao wakaanza kukumbuka, nikaona nyuso zao zikigeuka upande. Mulamwa hakulitaja. Yeye alikuwa ameshika mlango, angeufunguaje mbele ya watu. Na mimi, tangu siku ya maziko sikuwa nimelitamka hata nikiwa peke yangu na kuku.

Kijana alingoja kwa heshima. Kisha akavaa kofia yake.

"Basi tutabaki na hili," akasema, akatuongoza kwenda kuona upande wa milima.

Tuliomba, tukala viazi vitamu na chai ya chupa. Nilikula. Wakati wa kuteremka mke wa mjukuu wangu alinisogelea pale pango lilipo, wengine wakiwa wametangulia.

"Kukhu. Ni wa kwetu?"

"Ni wangu."

Akasimama. Nikamwambia twende, tukisimama magoti yatakauka. Nikamweleza nikitembea: kamba, mukombero, shati alilolitaka. Haikuchukua muda. Nilikuwa nikidhani ni habari ndefu.

"Na sasa yule kijana atakuwa anawaambia watu vile kila siku?"

"Ndiyo kazi yake."

"Na jina lake lenyewe ni lipi?"

"Majina ya kwetu hayasemwi njiani. Utayasikia yakiitwa."

"Hilo litaitwa lini?"

"Haliitwi."

Tukatokea kwenye chai. Hapo akasema, bila kunitazama, "Basi nyinyi mkiisha, litabaki lile la uongo."

Ni kweli, nikawaza. Mulamwa anazeeka, mimi nazeeka, wazee wale wote wameshakwenda na isukuti zao. Jina lililobaki ulimwenguni liko kwenye kinywa changu, na nimekifunga. Nililiwaza hilo kama unavyowaza kwamba chumvi imekwisha.

Mtoto alizaliwa hospitali, mjini, wa kiume, mkubwa, na hakuanza kulia mpaka walipomleta nyumbani. Hapo akaanza. Alilia akiwa kavu, akalia akiwa ameshiba. Daktari alisema mtoto mzima. Mjukuu wangu akasema labda ni gesi. Mulamwa akaletwa kwa pikipiki, akashushwa kama gunia la mahindi, akaingia, akasikiliza mara moja.

"Gesi gani. Huyu anataka kuitwa."

Ilikuwa mchana, milango wazi. Tulikaa chini kwenye mkeka, mama na mtoto katikati, mulamwa kwenye kiti kwa sababu akikaa chini hainuki, na wanawake wa nyumba pembeni. Ingokho, kuku wa sherehe, alikuwa ameshachinjwa, harufu ya mchuzi imejaa. Mjukuu wangu alitaka kukaa na sisi tukamfukuza.

Nikaanza. Nilianza na baba ya mume wangu, kwa heshima. Mtoto akapiga kelele. Ndugu yake mkubwa. Kelele. Yule aliyekuwa mfua vyuma. Yule aliyekwenda vita vya wazungu akarudi na koti. Yule mrefu.

"Huyu mtoto ana maringo," mulamwa akasema. "Amekataa mpaka mwenye koti."

"Pengine anataka wa suti," mwingine akajibu, tukacheka.

Nikaendelea. Mtoto alikuwa amekuwa mwekundu, anashika titi, analiacha, anashika. Majina yangu yana njia yake, naingia nyumba hii, natoka, naingia ile. Nikafika nyumba yangu. Nikamwita mtoto wangu wa pili aliyekufa mdogo kwa surua. Mtoto akakataa. Baada ya huyo kuna kidimbwi. Nikainua mguu, nikaruka, nikaanza nyumba ya shemeji.

"Kukhu," mke wa mjukuu wangu akasema. "Umeruka."

Mtoto tu ndiye aliyekuwa akilia.

"Hilo limefungwa, mama," mmoja akamwambia taratibu.

"Nani alifunga?"

Yule msichana alikuwa na jasho usoni na maziwa yamelowesha blauzi.

"Nauliza vizuri. Mtoto ni wangu. Kama jina lina madhara, yatanipata mimi. Kule juu kuna mtu anamwita jina la uongo kila siku mbele ya wageni, na hapa nyumbani kwake mnamruka?"

Nikamtazama mulamwa. Alikuwa ameshika fimbo yake kwa mikono miwili, anaisugua na kidole gumba, anaisugua, kama anayetafuta mahali palipooza. Nilikaa nikingoja. Nilijua kwamba akisema hapana sitaita, na halitaitwa tena, na nilikuwa tayari kwa hilo pia.

"Ule mukombero," mulamwa akasema mwishowe. "Ulikuwa na udongo mbichi."

"Ndiyo."

"Mtu hatii udongo ndani ya shati kama hana mpango wa kurudi nyumbani."

"Sijui, mulamwa."

"Mimi nasema." Akagonga fimbo sakafuni. "Ita."

Nikaita.

Sauti haikutoka vizuri. Ilikuwa imekaa muda mrefu, ikatoka kama mlango wa stoo. Lakini lilikuwa jina lake, lote, kama mama mkwe wangu alivyolitoa kwa mtu wa zamani akampa yeye. Wanawake wakainamisha vichwa. Mke wa mjukuu wangu akamsogeza mtoto kwenye titi, na wote tukamtazama mdomo.

Mtoto akalia. Alilia kwa nguvu kuliko mwanzo.

Tulikaa. Mtu alikohoa. Nilikuwa nimeshavuta pumzi ya jina linalofuata.

"Rudia," mulamwa akasema.

"Amekataa."

"Umelisema kama mwizi. Labda hajasikia. Rudia."

Nikarudia, kwa sauti, na yeye akaita pamoja nami, na mke wa mjukuu wangu, aliyekuwa analisikia mara ya kwanza, akalijaribu mdomoni, akakosea katikati, akasahihishwa na wanawake wawili kwa pamoja. Lilisemwa humo ndani na watu watano, sita. Mtoto akageuza kichwa, akatema titi, akalia.

"Haya," mulamwa akasema. "Hataki."

Nikaendelea na nyumba ya shemeji. Lililomnyamazisha lilikuwa jina la mtu mmoja aliyekuwa akiiba ndizi za majirani na kuzigawa kwa watoto wao. Nililiita bila kutegemea kitu, na mtoto akashika titi akanyonya macho yamefumba. Wanawake wakapiga vigelegele na kucheka mpaka kuku wakatoka nje.

"Mwizi wa ndizi!" mulamwa akasema. "Amekataa wenye fahali, amekwenda kwa mwizi wa ndizi. Fungeni shamba."

Baba ya mtoto akaitwa akaambiwa. Tukala. Mulamwa alikula paja, akaomba na shingo. Alipokuwa akipandishwa kwenye pikipiki aliniita karibu, nikadhani anataka kushikwa mkono.

"Wa pili akizaliwa," akasema, "usianze na baba mkwe. Anza na yule, koo likiwa bado zuri."

"Kama atazaliwa."

"Msichana mwenyewe umemwona. Atazaa."

Pikipiki ikaondoka naye.

Niliosha sufuria, nikamwaga maji nje, nikasimama mlangoni. Upande wa msitu kulikuwa kumenyesha. Jabali lilikuwa jeusi na ule mstari mweupe ukishuka katikati. Niliusubiri kidogo uishe. Nilijaribu kujiuliza kama nina furaha, au kama nina huzuni kwamba mtoto hakumtaka, na sikupata. Nilipata hili tu: alikataliwa baada ya mwenye koti na yule mrefu, na kabla ya mwizi wa ndizi. Mahali pake kabisa.

Mguu mmoja ulikuwa umekufa ganzi kwa ule mkeka. Nikaupigapiga chini, nikaingia ndani kuchambua maharagwe ya kesho.